Kamati ya Bichi

Nikimwambia mtu wa bara kwamba natoka Pwani, kwanza huniangalia miguu, kama anayetafuta mchanga. Nimechoka kuangaliwa miguu. Mkoa ndivyo ulivyoitwa, na sisi wa Bungu hatukuulizwa. Pwani yetu ni barabara ya lami iendayo kusini. Mawimbi yetu ni mabasi ya Lindi na Mtwara. Yakipita usiku, vikombe vinagongana kabatini. Upepo wetu wa bahari ni ule unaoachwa na lori la korosho, una vumbi na harufu ya breki. Nina duka la pembejeo karibu na stendi, nauza salfa ya mikorosho, mbegu, majembe na mabomba ya kupulizia dawa, na tangu nilifungue hajaingia mteja hata mmoja aliyelowa maji ya chumvi.

Shemeji yangu wa Mwanza haya yote hayajui. Yeye aliangalia ramani kwenye simu, akaiona Bungu, akaiona bluu, akaweka kidole kimoja kikafunika vyote viwili. Kidole chake ni kinene. Jioni hiyo hiyo akanipigia.

"Shemeji, Desemba tunashuka wote. Watoto wamechoka na ziwa, wanataka bichi. Ile yenyewe, ya mchanga mweupe na mawimbi ya kurukia. Nyie si mko hapo hapo? Mtuandalie tu."

Hilo "tu" ndilo lililonimaliza. Kila kitu kilichowahi kunifilisi kilianza na "tu": nikopeshe tu, nishikie tu, weka saini hapa tu. Pale pale ningesema, shemeji, Bungu hakuna bichi. Lakini huyu ni mume wa dada yangu, mahari alitoa bila kuomba apunguziwe, na nilipokwenda kwao alinilisha sato wiki nzima mpaka nikawa naota miiba. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba huna bahari? Nikasema, "Hakuna shida, shemeji."

Shida ilikuwepo, tena ya kilomita 40. Pale kwetu kuna njia inayochepuka kuelekea mashariki, mpaka Nyamisati. Mwisho wa njia kuna maji, sikatai. Yana chumvi, yanajaa na kupwa, na vyombo vya kwenda Mafia vinaondokea hapo. Ila habari ya mchanga usiniulize. Ile ni delta. Mto Rufiji ukifika huku unachoka, unajigawa matawi, na kila tawi linatua mzigo wake: tope la Iringa, tope la Morogoro, tope la Songea, yote tumeletewa sisi bila kuagiza. Mikoko ikaliona tope, ikafurahi, ikaota hekta zaidi ya 50,000: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi. Kwa kaa, kwa kamba na kwa mtu anayejenga nyumba, hiyo ni neema. Kwa mtoto wa Mwanza mwenye kaptura ya maua, ni mahali pa kupotezea ndala. Ukikanyaga unazama mpaka goti. Ukivuta, mguu unatoka, ndala inabaki.

Mawimbi nayo? Kisiwa cha Mafia kimekaa mbele ya delta yetu kama mlinzi wa getini. Wimbi litoke mbali huko, limejipanga, limeshiba upepo, linakutana na Mafia kwanza. Linalotufikia sisi ni salamu zake.

Na anayedhani delta ni mahali pa kuja kupumzika siku mbili tatu na kuondoka, akamuulize Mjerumani. Mwaka 1914 meli yake ya kivita, Königsberg, iliingia humo kujificha na kutengeneza mashine. Waingereza walihangaika nayo kwa miezi, maana meli zao kubwa hazikuweza kuifuata kwenye vina vifupi, mpaka Julai 1915 ilipopigwa vibaya na wenyewe wakaizamisha. Mizinga iliopolewa, mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, unapunga upepo wa bahari. Meli yenyewe ilikuja kwa mapumziko mafupi na haijaondoka mpaka leo.

Basi tukaunda kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na bichi nayo ikapata yake. Mwenyekiti akawa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeahidi mchango mkubwa, ingawa alikuwa akituongoza kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Katibu ni binti yangu wa kidato cha tatu, aliyefungua grupu la WhatsApp akaliita Bichi Desemba na kuliwekea picha ya mnazi ulioinama juu ya maji ambao si wa wilaya yetu. Mhazini ni mama watoto. Hili halikupigiwa kura. Mimi nikawa mjumbe wa kawaida, nikapewa na kazi ya "kufuatilia", yaani kila kitu.

Siku ya kwanza tulikuwa watu 7. Wiki haijaisha tukawa 23, pamoja na jirani mmoja aliyeongezwa kwa makosa, ambaye alipoombwa ajitoe alijibu kwamba ameshanunua kofia. Mchango ukapangwa 50,000 kwa kila kichwa. Kwa siku tatu grupu likajaa maua ya asubuhi njema, dua, na video ya chatu aliyemeza mbuzi. Siku ya nne ndipo mtu mmoja akauliza tunakwenda wapi.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilituma picha nzuri ya Nyamisati, imepigwa jioni, mikoko imesimama, mashua imetulia, jua linazama kama yai. Mpwa wangu wa Mwanza, kijana wa miaka 17, akajibu: "Mjomba, mchanga uko wapi?" Nikamwandikia uko chini ya tope. Akauliza kina chake. Dada yangu akaingilia kati: "Kaka, kule si kuna mamba?" Nikasema mamba wako juu zaidi, kwenye maji baridi. Akasema mamba ana miguu. Ajenda ya Nyamisati ikafungwa hapo.

Mama watoto akaleta Mafia, kwa sababu ana shangazi yake Kilindoni na hajamwona tangu harusi yetu. Mafia ina kila kitu, nasema kweli. Ina mchanga, ina maji unayoona kucha zako ndani yake, ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania. Na kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, potwe wanakuja pale karibu na Kilindoni, na watu wanalipa fedha kuogelea nao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katibu akaweka picha ya potwe akiwa na mtu pembeni. Mama yangu, ambaye hana simu ya kisasa ila anatumia mjukuu kama spika, akatuma sauti: "Huyo samaki ana urefu wa Costa. Mimi nilipe nauli, nivuke bahari, nikaoge na Costa?" Nikaeleza kwamba potwe ni papa asiyemla mtu, chakula chake ni vijidudu vidogo vidogo anavyovichuja majini. Bi mkubwa akasema, "Amekwambia nani, yeye?" Halafu mhazini, ambaye ndiye aliyeileta hoja, akapiga hesabu ya chombo, malazi ya siku mbili kwa watu 23 na viingilio, akaiondoa mwenyewe bila kuaga. Shangazi wa Kilindoni asubiri harusi nyingine.

Coco Beach ilitajwa. Nani asiyeijua Coco? Muhogo wa kukaanga wenye pilipili, mishikaki, na kwenye sikukuu nusu ya Dar es Salaam. Lakini kutoka Bungu mpaka Oysterbay unapita Mbagala, unapita mjini, na ukifika umeshatumia ule uzima ambao ungeogelea nao. Kwa hiyo tukaangukia Kigamboni. Hoja iliyoshinda ilikuwa yangu, na nataka iandikwe: ukitoka kusini huna haja ya kuingia mjini kabisa. Unapita Jaribu Mpakani, Mkuranga, Vikindu, ukifika Kongowe unakata kulia, unatokea Kibada, huyo Mjimwema. Mchanga upo. Bahari ipo. Kiingilio kipo pia, maana siku hizi hata kulitazama wimbi kuna kijana kakaa mlangoni na kitabu cha risiti. Wajumbe wakaweka vidole gumba 14. Nikajiona mtu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka suala la ubao.

Yule mpwa ameona kwenye simu vijana wa Hawaii wanasimama juu ya ubao, wimbi linawabeba, mikono wameitanua kama wanaotembea juu ya gogo. Akataka na yeye. Ubao wa dukani bei yake ningeweza kununulia mifuko ya salfa ya kutosha kata nzima. Akanitumia vipimo: "Mjomba, Rufiji si ndiko kwenye mbao? Niongelee na fundi." Kweli, mbao tunazo. Nikaenda kwa fundi anayetengeneza vitanda na milango jirani na duka langu.

"Nataka ubao mmoja," nikamwambia. "Futi sita, upana futi moja na nusu."

Fundi akaweka randa chini taratibu, akafuta mikono. "Pole sana, bwana. Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna msiba. Ni ubao wa kijana kusimama juu yake baharini, wimbi linapokuja. Akanyamaza kidogo, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepata habari mbaya akashindwa kuzipokea. "Pole sana," akasema tena.

Kwa heshima ya kazi, akachagua mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo: mkongo. Akaupiga randa, akaupaka vanishi, mbele akauchonga ncha ya duara, na nyuma, bila kuombwa, akauchonga ua kama la kichwani mwa kitanda. Ubao ukang'aa. Tulipokwenda kuuchukua, tulikwenda watu watatu, na njiani tulipumzika mara mbili. Kila tuliyekutana naye alivua kofia.

Aliyenieleza ukweli ni mzee mmoja anayeuza kamba wakavu pale sokoni. Zamani alikuwa mvuvi, amekaa sana dago kule Pombwe, mahali delta inapokutana na bahari yenyewe. Aliugonga ubao kwa kidole, akausikiliza kama daktari. "Huu ni mlango," akasema. "Mtumbwi tunachonga mwembe, mti mwepesi. Wewe umechukua mkongo, ukamwambia uelee?" Nikasema fundi ndiye aliyechagua. Akasema, "Fundi kakutengenezea alichokijua. Ungekwenda kwa fundi mitumbwi." Elfu 60 hiyo. Sijamwambia mhazini, kwenye daftari nimeandika "vifaa".

Nilipaswa kumshukuru na kuondoka. Badala yake nikabaki nikaongea, kwa sababu mimi naye tunajuana, nikamwambia na tarehe. Mwenyekiti alikuwa ameshaipitisha: Jumamosi ya mwezi mpevu, ili tukichelewa kurudi tupate mwanga barabarani. Alikuwa ameona ile alama ya duara kwenye kalenda akaona amepata akili. Tufike saa nne asubuhi, jua halijawa kali, watoto waingie majini moja kwa moja.

"Saa nne," mzee akarudia.

"Saa nne kamili."

Akacheka. Alicheka mpaka akaishika meza, kamba wakamwagika kwenye mzani, mteja akapata nyongeza. "Saa nne, siku ya mwezi mpevu, bahari mtaikuta haipo."

Hapo ndipo nilipofundishwa, katika umri wangu huu, mimi mkazi wa Mkoa wa Pwani, mambo ambayo mtoto wa dago anayajua kabla ya kuota meno ya ukubwa. Kwamba mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana, na kati ya kujaa na kupwa kwake tofauti inapita mita tatu kwenda juu. Kwamba kwa pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hutoka mnamo saa nne. Kwamba kila siku yanachelewa kama robo tatu ya saa hivi, kidogo izidi, kwa hiyo baada ya wiki moja yanageuka: saa nne ndiyo yanajaa, lakini hayo sasa ni maji mafu, hayajai kwa nguvu wala hayatoki kwa nguvu.

"Bamvua ikitoka, kwenye ufukwe mpana, unatembea mchangani mpaka unachoka," mzee akasema. "Bahari unaiona kule."

Nikaielewa vizuri sana. Iko kule, inakuona, haiji. Nina wateja wa namna hiyo 40, wamechukua salfa tangu Juni.

Nikauliza na habari ya mawimbi ya mpwa. Akasema yule kijana amekosea msimu. Kusi ndiyo yenye ubishi, Juni na Julai, ndipo bahari inapoamka vibaya. Desemba kaskazi ndiyo kwanza inaingia. Mawimbi yatakuwepo, lakini si ya kubeba mlango. Akaendelea bila kuulizwa, kwa sababu mzee akipata msikilizaji hamwachi. Akasema tukiingia majini tuburute miguu, tusiinue, maana taa hujifukia mchangani na mwiba wake wa mkiani hausamehe. Akisikia unakuja anaondoka mwenyewe. Akasema tukisikia mkondo unavuta kwenda nje tusishindane nao, tuogelee kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka utuachie ndipo turudi. Na akatuonya juu ya konyeza, yule mnyama kama uji wa muhogo anayeelea. Jina lake lisikudanganye. Akikukonyeza mara moja, hutatamani kukonyezwa tena, hata na mkeo.

Nilirudi nyumbani nikaandika yote haya kwenye grupu, aya baada ya aya. Jibu la kwanza lilikuwa la jirani wa kofia: "Amina."

Jibu la pili lilikuwa sauti ya mwenyekiti, dakika nne.

"Shemeji, nimesikiliza vizuri. Sasa nieleze. Hayo maji yanakwenda wapi?"

Sikujua. Nikasema yanatoka.

"Yanatoka kwenda wapi? Sisi ziwa letu ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta pale pale. Mzee wangu aliliacha, mimi nimelikuta. Hatulivizii. Nyie watu wa Pwani mna maneno mengi, na sasa mnataka niamini kwamba bahari, Bahari ya Hindi, ina muda wa kazi?"

Dada yangu akamjibu kwa niaba yetu: "Baba, hata duka lako lina muda wa kazi." Wakanuniana siku mbili, na grupu likarudi kwenye maua ya asubuhi njema.

Tulijaribu kusogeza tarehe. Wiki moja mbele, maji mafu, saa nne yamejaa, safi kabisa, ila siku hiyo kuna harusi Kibiti, na kamati ya harusi ile ina wajumbe 9 kutoka kamati yetu. Wiki moja nyuma mwenyekiti hajafika. Tena korosho. Watu wa nje hawaelewi kwamba Bungu fedha nayo ina bamvua na maji mafu. Korosho inaokotwa, inapelekwa ghalani, unapewa stakabadhi, inapigwa mnada, halafu unakaa unaisubiri simu yako itikisike. Wateja wangu wakilipwa ndipo nami nalipwa, na nikilipwa ndipo mchango wangu unaingia. Mhazini anaijua hali hii kuliko mtu yeyote, maana tunalala chumba kimoja, lakini kila Ijumaa ananiandika kwenye grupu mbele ya watu: "Ambao bado: Baba watoto."

Katikati ya hayo shemeji akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. "Kwa usalama: wangapi hawajui kuogelea? Nyoosheni mikono." Ikapanda mikono 11 ya njano. Nikaitazama simu. Mtoto wa huku kwetu anafundishwa mapema kwamba maji yana mwenyewe. Mto una mamba, mto una viboko, na ukionekana unauelekea bila ndoo mkononi, mama hakuulizi swali, anakata fimbo. Nimekulia mkoa wenye jina la bahari, kandokando ya mto ambao wote mmeusoma darasa la nne, na kina kirefu kuliko vyote nilichowahi kuingia ni kile cha karai. Nikaandika: "Kidogo." Binti yangu, katibu, akaweka uso unaocheka mpaka machozi. Nimemnyang'anya bando.

Basi tarehe ikabaki ile ile, mwezi mpevu, bamvua. Tulichobadilisha ni saa. Tutaondoka Bungu mchana, saa nane na nusu tuko mchangani, tutakula pilau huku tukiitazama bahari ikija, na saa kumi itakapofika tutaipokea. Nilidhani nimemaliza. Nikaenda kumwona mwenye Costa. Dereva ni mtu wa bara, mpole, ana msikiti wake na ratiba yake, akasema hakuna tatizo, ila saa kumi na moja jioni gari liwe limegeuza uso, kwa sababu usiku ana safari nyingine.

Nimekaa na kikokotoo. Watu 23 mara 50,000 ni shilingi 1,150,000. Muda wetu na bahari, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, ni dakika 60. Ni elfu 19 na ushei kwa kila dakika ya maji, na hapo sijaondoa dakika za watoto kuvua viatu. Nimeituma hesabu hii kwa mwenyekiti. Amejibu kwa neno moja: "Ziwa."

Jana dereva alikuja kuangalia mizigo kabla ya kupokea kianzio. Tuliitandaza uani. Masufuria mawili ya pilau, yatakayotoka hapa yamefungwa na kanga. Jiko la mkaa, la kupashia. Mikeka sita. Juisi ya mabungo kwenye ndoo yenye mfuniko. Tyubu mbili za trekta, ndizo maboya ya wale 11, na yule wa "kidogo". Madera ya akina mama ya kuogelea na madera ya kutoka kuogelea, ambayo kwa macho yangu ni yale yale. Na ubao wa mkongo, ambao tangu ufike umekuwa benchi, na kwa kweli ni benchi bora. Wajumbe wanne walikuwa wamekaa juu yake wakikagua. Dereva akauinua upande mmoja, akaurudisha, akasema huo ataulipisha kama abiria wawili.

Hapo bi mkubwa, aliyekuwa kimya kwenye kivuli cha mwembe, akauliza: "Na chumvi mtaiondoa na nini?"

Hakuna aliyejibu.

"Mtatoka huko mnawasha wote, mmejaa mchanga mpaka masikioni, mniingilie garini hivyo hivyo mpaka Bungu? Mimi sipandi."

Kamati ikakaa kikao cha dharura juu ya ubao. Mabafu yapo huko tuendako, ila yana bei yake kwa kichwa, na mhazini alikuwa ameshafunga daftari. Ikapita kwa kauli moja kwamba maji yatoke nyumbani: madumu kumi ya lita 20, na kwa kuwa bomba lililo karibu ni la dukani kwangu, katibu akaandika kwenye kumbukumbu, "Maji: Baba." Nimeyajaza jana hiyo hiyo kwa mkono wangu, lita 200, nikayapanga mlangoni kwa mstari.

Dereva alikuwa anaondoka na kianzio chake. Akasimama kwenye madumu, akayahesabu.

"Na haya yote, bosi, mnayapeleka wapi?"

"Baharini," nikasema.

Akanitazama usoni kwa muda. Halafu akaniangalia miguu.